Jinsi ya kuchagua vifaa vya kompyuta ya gemu ukiwa Dar es Salaam

Miongozo mingi ya kuunda kompyuta ya gemu huanza na prosesa (ubongo wa mashine) na kadi ya picha (inayochora unachokiona kwenye skrini). Inamfaa mtu anayeishi mahali ambapo umeme haukatiki na nje kuna baridi. Dar ni habari nyingine. Umeme hukatika ukarudi kwa kishindo, jioni hushuka nguvu mpaka taa zinafifia, na kuanzia Desemba hadi Machi joto la mchana hufika nyuzi 32 kabla hata hujawasha mashine. Ukikaa Kigamboni, Msasani au Kunduchi, hewa ya chumvi nayo inakula chuma taratibu. Ndiyo maana napanga hatua hizi kwa namna yangu: kwanza gemu na kioo, yaani skrini, pili umeme, halafu ndipo zije kadi, prosesa na vingine. Nimeona mashine za bei kubwa zikifa kwa sababu ya pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine) ya bei ya kutupa, na inauma, kwa sababu pesa ya kuzuia hasara hiyo ilikuwepo, ila iliishia kwenye taa za rangi.

Bei sikuziweka. Zinapanda na kushuka na dola, na duka hadi duka zinatofautiana hata kwenye mtaa mmoja.

Hatua ya 1: Taja gemu, kisha chagua kioo

Chukua karatasi uandike gemu unazocheza kweli, siyo zile unazoziona kwenye matangazo. Mtu wa EA FC, eFootball na GTA V ana mahitaji madogo kuliko anavyodhani. Mtu wa Valorant na Counter-Strike 2 anataka fremu nyingi kwa sekunde, yaani picha nyingi mfululizo, na gemu hizo humlemea prosesa kuliko kadi. Anayetaka gemu mpya za dunia kubwa, zenye misitu na miji iliyochorwa kwa undani, huyo ndiye anayehitaji kadi yenye nguvu na memori ya kutosha.

Baada ya hapo chagua kioo, kwa sababu kioo ndicho kinachoamua kadi itafanya kazi kiasi gani. Kioo cha 1080p kina nukta kama milioni 2. Cha 1440p kina milioni 3.7, na cha 4K kina milioni 8.3, yaani mara nne ya kile cha kwanza. Kila nukta inachorwa upya kwenye kila fremu, kwa hiyo ukinunua kioo cha 4K kwa sababu dukani kilipendeza, umejipa deni la kadi ambayo huenda huimudu. Kwa watu wengi kioo cha 1080p chenye hezi 144 (kinachobadilisha picha mara 144 kwa sekunde), inchi 24, kinatosha kabisa. Jicho litaona tofauti ya hezi 60 na 144 siku hiyo hiyo, hasa kwenye gemu za kulenga shabaha.

Hatua ya 2: Umeme, na hapa usibane matumizi

Piga hesabu ya wati kwanza. Kadi ya RX 6600 hula wati 132, RTX 4060 wati 115, RTX 3060 wati 170. Prosesa ya kawaida ya gemu kama Ryzen 5 5600 imeandikwa wati 65, ikikazana huzidi kidogo. Weka wati 50 kwa madabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote), feni na diski. Mashine ya namna hii inakaa kwenye wati 250 hivi ukicheza, na pawa saplai nzuri ya wati 550 inaibeba bila kuhema.

Neno muhimu hapo ni "nzuri". Kariakoo utakuta pawa saplai imeandikwa 500W kwa herufi kubwa na inauzwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Usibishane na muuzaji, igeuze tu usome jedwali lililobandikwa ubavuni. Tafuta safu ya +12V, kwa sababu kadi na prosesa vyote vinanyonya umeme kutoka hapo. Chukua ampea zilizoandikwa uzidishe kwa 12. Ukikuta 18A, hizo ni wati 216, na maandishi ya 500W hayana maana yoyote kwako. Ukikuta 45A, hizo ni wati 540, na sasa tunazungumza. Ibebe mkononi pia: iliyo nyepesi sana mara nyingi imepunguzwa koili na kapasita ndani. Tafuta alama ya 80 Plus, angalau Bronze, maana yake mzigo ukiwa nusu, si chini ya asilimia 85 ya umeme unaoingia unafika kwenye vifaa na unaobaki ndio unaogeuka joto. Na kama ina swichi ndogo nyekundu nyuma yenye 115 na 230, hakikisha iko 230 kabla ya kuchomeka. Umeme wetu ni volti 230, na pawa saplai iliyoachwa kwenye 115 inalipuka papo hapo.

Kifaa hiki kinunue kipya. Kadi iliyotumika inaweza kupimwa ikaonekana nzima, lakini pawa saplai iliyochoka haikuonyeshi kitu mpaka siku inapokufa, na ikifa vibaya inaondoka na madabodi.

Kisha UPS, betri ya akiba inayoishikilia mashine umeme ukikatika. Wengi hununua ya 650VA wakidhani ni wati 650. Hizo nyingi hutoa chini ya wati 400, na kioo nacho kinahesabiwa. Kwa mashine niliyoitaja hapo juu chukua ya 1000VA iliyoandikwa angalau wati 600, upate dakika za kuseva gemu na kuzima kwa utulivu. UPS siyo ya kuendelea kucheza gizani. Na uliza kama inarekebisha volti zikishuka au zikipanda, kwa sababu kwenye mitaa mingi hilo ndilo tatizo la kila siku kuliko umeme kukatika. Kama nyumba haina waya wa ethi, ule unaoingia ardhini, mwite fundi umeme aufunge. Ukiwahi kugusa keisi ukasikia mtetemo wa umeme kwenye vidole, ethi yako haipo au imekatika.

Kuhusu LUKU: mashine na kioo vikila wati 280 kwa saa nne kwa siku, mwezi unamaliza yuniti karibu 34. Nyumba iliyo kwenye bei ya matumizi madogo, ambayo kikomo chake ni yuniti 75 kwa mwezi, inaweza kuvuka mpaka ikaanza kulipa bei ya juu. Hii ni sababu nyingine ninayopendelea kadi zinazokula kidogo. Tofauti ya RTX 4060 na RX 580 ya zamani, inayokula wati 185, ni wati 70 kila saa unayocheza, na hizo wati 70 zote zinakuwa joto chumbani kwako.

Hatua ya 3: Kadi ya picha

Kwa kawaida hapa ndipo inakoenda theluthi moja ya bajeti ya mashine, wakati mwingine zaidi, na ni sawa. Kwa 1080p, RX 6600 iliyotumika bado ni chaguo la busara. RTX 3060 ile ya GB 12 inafaa anayecheza na pia anayehariri video au kuchora kwa Blender. RTX 4060 inakula umeme kidogo na inapoa vizuri. Ukitaka mpya yenye maisha marefu, RX 9060 XT ya GB 16 ni ya kuangaliwa. Kadi mpya ya GB 4 siku hizi usiiguse: gemu nyingi mpya zitaijaza memori na picha itaanza kukwama hata kama chipu yenyewe ina nguvu. Intel Arc B580 nayo ni kadi nzuri yenye GB 12, ila inataka madabodi ya karibuni yenye Resizable BAR, mpangilio unaoiruhusu prosesa kufikia memori yote ya kadi. Ukiifunga kwenye mashine ya zamani inapoteza nguvu nyingi.

Soko la kadi zilizotumika lina mambo mawili ya kujua. La kwanza, Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya kidijitali wa Ethereum uliacha kuchimbwa kwa kadi za picha, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni. Siyo zote mbovu, lakini feni zake na pesti ya kupitisha joto kutoka kwenye chipu zimechoka. La pili, zipo kadi feki: chipu ya miaka ya nyuma imebadilishwa jina kwenye BIOS (programu ya msingi iliyo ndani ya kifaa) ili kompyuta iitambue kama GTX 1050 Ti au nyingine inayouzika. Na ipo RX 580 2048SP, ambayo siyo feki lakini nguvu yake ni ya RX 570. Muuzaji akikuambia "bosi, ni 580 ileile", siyo ileile.

Ukiwa kaunta, fanya hivi. Iangalie kadi kabla haijachomekwa. Bati la mwisho, pale penye matundu ya HDMI na DisplayPort, kama lina kutu au unga mweupe, kadi hiyo imekaa kwenye unyevu au karibu na bahari. Angalia skrubu zinazoshika feni: kama vichwa vimekwaruzwa, imefunguliwa, na unapaswa kuambiwa kwa nini. Zungusha feni kwa kidole, isikwaruze wala kuyumba. Inuse. Harufu ya kuungua haifutiki kwa kitambaa.

Kisha ichomekwe kwenye kompyuta ya duka. Njoo na flashi yenye GPU-Z, inayoitambua kadi, na FurMark, inayoikaza kadi kwa nguvu zote; programu zote mbili ni za bure. Kadi iliyobadilishwa jina, GPU-Z mara nyingi huiandika FAKE mbele ya jina lake. Washa FurMark dakika kumi na tano, simama hapo hapo, soma joto. Kwenye duka lisilo na kiyoyozi nyuzi 70 na kitu siyo tatizo. Ikipita 85 na feni zinapiga kelele zote, pesti imekauka, punguza bei au ondoka. Ukiona nukta za rangi, mistari, au kioo kinazima na kuwaka, ondoka bila mjadala. Muuzaji anayekataa kadi isipimwe ameshakujibu.

Hatua ya 4: Prosesa na madabodi, kwa pamoja

Hivi viwili ni lazima viafikiane soketi (tundu prosesa inapokaa), kwa hiyo vichague kwa siku moja. Njia ya bei nafuu ni AM4 ya AMD: Ryzen 5 5600, kori 6 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja), na madabodi ya B550. Njia ya kudumu ni AM5, iliyotoka 2022, ambayo inatumia RAM (memori ya muda ya mashine) ya aina ya DDR5 peke yake na AMD wameahidi kuendelea nayo mpaka 2027 na zaidi. Upande wa Intel, Core i5-12400F kwenye B660 au B760 ni mashine tulivu, haina makuu na haichemki. Kumbuka herufi F maana yake haina picha ndani: bila kadi, kioo hakitawaka. Kwa anayenunua kidogo kidogo, mwezi huu prosesa na mwezi ujao kadi, hilo ni jambo kubwa. Huyo achukue Ryzen 5 5600G, acheze gemu nyepesi wakati anajichanga.

Prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14, hasa i7 na i9, zilikuwa na hitilafu ya kujipa volti kubwa kupita kiasi na kuharibika polepole. Marekebisho yalitoka Agosti 2024 kupitia BIOS. Ukinunua iliyotumika, hujui aliyekuwa nayo alisasisha lini au hakusasisha kabisa, na uharibifu ulioshaingia haurudishwi na BIOS mpya. Mimi ningeiacha.

Na kwenye suala la BIOS: madabodi ya B450 ya zamani huenda isiitambue Ryzen ya mfululizo wa 5000 mpaka isasishwe. Muombe muuzaji asasishe dukani. Ukifanya nyumbani, fanya mashine ikiwa kwenye UPS iliyojaa chaji, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo madabodi inaweza isiwake tena.

Wapo watakaokushauri madabodi za X99 kutoka China na prosesa za Xeon za seva. Kori nyingi kwa pesa kidogo, kweli, lakini kori hizo ni za polepole mojamoja, na gemu zinataka kasi ya kori chache. Zaidi ya hapo, Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0 (kifaa cha usalama cha mashine) na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8 au Ryzen kuanzia mfululizo wa 2000. Xeon hizo za zamani hazimo. Valorant kwenye Windows 11 haifunguki bila TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa wakati mashine inawaka).

Kanuni hiyo hiyo itumie kwenye kompyuta za ofisi zilizotumika, Dell OptiPlex na HP EliteDesk, ambazo mjini zimejaa. Kwa mwanafunzi au anayeanza ni njia nzuri sana, naipendekeza bila aibu. Chukua yenye Core i5 ya kizazi cha 8 au zaidi, na chagua ile ya umbo kubwa la mnara. Zile nyembamba zinaingiza kadi fupi tu, na pawa saplai zake ni za wati chache na plagi zisizo za kawaida. Ndani yake weka kadi isiyohitaji waya wake wa umeme: GTX 1650 nyingi zinaishia wati 75, na RTX 3050 ya GB 6 inakula wati 70. Zote zinapata umeme kutoka kwenye sloti yenyewe.

Hatua ya 5: RAM na SSD

RAM ni GB 16, vipande viwili vya 8, siyo kimoja cha 16. Viwili vinafanya kazi sambamba na gemu zinaonyesha tofauti. Madabodi yenye sloti nne, viweke ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Tangu mwishoni mwa 2025 RAM imepanda bei dunia nzima, kwa kuwa viwanda vinapeleka chipu kwenye vituo vya data vya akili unde, kwa hiyo DDR4 iliyotumika siyo wazo baya. Ni kifaa kisichochakaa haraka.

SSD, diski ya kuhifadhia gemu, ya aina ya NVMe yenye GB 500 ndiyo ya kuanzia, TB 1 kama una gemu kubwa. Ya aina ya zamani, SATA, husoma MB 550 kwa sekunde, NVMe ya kawaida 3,500, lakini ndani ya gemu tofauti ni sekunde chache za kufungua. Usinunue SSD isiyo na jina yenye ujazo wa ajabu kwa bei ya ajabu. Ipime kwa programu ya H2testw, itakuambia ujazo wa kweli.

Hatua ya 6: Keisi

Chagua yenye wavu mbele, siyo bamba la kioo lisilopitisha hewa. Bamba hilo linapendeza na linafungia joto ndani. Kwenye chumba cha nyuzi 31 hakuna feni itakayoipoza mashine chini ya nyuzi 31, kwa hiyo unachoweza kufanya ni kuipitisha hewa haraka. Feni mbili mbele zinaingiza, moja nyuma inatoa. Zinazoingiza zikizidi, hewa inapita kwenye chujio badala ya kunyonywa pamoja na vumbi kupitia mianya. Chujio lioshe kila mwezi, na ukikaa kando ya barabara ya vumbi, kila wiki mbili. Feni iliyokuja na Ryzen 5 5600 inatosha. Anayenunua prosesa kubwa zaidi aongeze feni ya mnara inayosimama juu ya prosesa, inatosha kuliko kupoza kwa maji, ambako pampu ikifa ni vigumu kupata nyingine siku hiyo.

Iweke mezani au kwenye stuli, siyo sakafuni.

Hatua ya 7: Kununua

Kariakoo nenda asubuhi siku ya kazi, ukiwa na orodha yenye majina kamili ya vifaa. Winga atakupokea njiani na kukupeleka duka analolijua. Ni kazi yake, msalimie vizuri, ila ujue fungu lake liko ndani ya bei. Zunguka maduka matatu kabla ya kutoa pesa, na linganisha pia na maduka ya Samora, ambako bei huwa juu kidogo. Dai risiti ya EFD, na waandike juu ya karatasi ya waranti namba ya kifaa, muda, na nini kinafanyika kikifa: kubadilishiwa, kutengenezewa au kurudishiwa pesa. Waranti ya mdomo haikusaidii mbele ya mtu aliyebadilisha fremu ya duka.

Wanaoagiza Dubai au China kupitia mawakala wa mizigo: prosesa, RAM na SSD ni vyepesi na vinasafiri salama. Keisi, kioo na pawa saplai nunua hapa, kwa sababu uzito na ukubwa unakula faida yote. Kadi ni suala la moyo wako, maana ikifika mbovu kuirudisha ni kazi. Muulize wakala kabla ya kulipa kama bei yake imejumlisha ushuru.

Hatua ya 8: Ikishawaka

Mambo matatu watu huyasahau na kulalamika mashine ni nzito. Waya wa kioo uchomeke kwenye kadi, siyo kwenye madabodi. Ingia BIOS uwashe XMP au EXPO, la sivyo RAM inakwenda kwa mwendo wa chini kuliko ulioulipia. Kwenye mipangilio ya Windows badilisha kioo kutoka hezi 60 kwenda 144, kwa sababu mara nyingi hakibadiliki chenyewe. Kisha cheza saa nzima mchana, wakati wa joto kali, ukiangalia nyuzi za kadi na prosesa. Ikivumilia saa nane mchana wa Februari, itavumilia mwaka mzima.

Maboksi yatunze mpaka waranti iishe. Na siku unahama au unaipeleka kwa fundi kwa bajaji, fungua keisi uitoe kadi, uifunge kwenye boksi lake, na ulaze mnara kwa ubavu madabodi ikiwa chini. Kadi nzito ikining'inia huku bajaji inaruka mashimo, sloti inavunjika, na sloti hiyo hailipiwi na waranti yoyote.